Nani Atazichambua Picha Hizi?

Mwaka 2011 shindano la picha za majengo na maeneo ya urithi liitwalo Wiki Loves Monuments lilikusanya picha 168,208 kutoka nchi 18 za Ulaya. Lilikuwa limeanza Uholanzi mwaka mmoja tu kabla ya hapo, na idadi hiyo ililiingiza katika rekodi za Guinness kama shindano kubwa kuliko yote ya picha duniani. Watu huisimulia kwa fahari, na ni haki yao. Lakini aliyewahi kukaa kwenye kamati ya shindano la picha, hata lile dogo la mtaani, akiisoma idadi hiyo hujiuliza swali jingine: nani alizitazama? Kila picha ukiipa sekunde 10, utahitaji saa 467. Hizo ni saa nane kila siku kwa karibu miezi miwili, bila Ijumaa wala Jumapili ya mapumziko. Na sekunde 10 zinatosha kuona kama picha imetoka vizuri, basi. Hazitoshi kujua ni ya jengo gani, mlango wa upande upi, wala kama aliyeileta ndiye aliyeipiga.

Ndiyo maana nasema shindano la picha la jamii mara nyingi halikwami kwa uhaba wa picha. Simu zimejaa kila mfuko na watu wanapenda kupiga. Linakwama kwa uhaba wa watu wa kuzihudumia hizo picha: wa kuandaa orodha ya majengo kabla ya siku ya kwanza, wa kuwaongoza wapiga picha kwa miguu ili wasiingie nyua za watu bila hodi, wa kuchuja zilizorudiwa na zilizochukuliwa kwa wenzao, wa kuandika maelezo, wa kuwa majaji, na wa kupokea simu ya mshiriki ambaye picha yake imegoma kupanda kwa sababu bando limekata. Watu hawa hawalipwi. Wanapatikana kwa kuitwa, na namna wanavyoitwa ndiyo inayoamua kama watakuja.

Kati ya kazi zote hizo, inayodharauliwa zaidi ni ya maelezo, nami naiona kuwa ndiyo nzito kuliko zote. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka Unguja tarehe 25 Desemba 2020. Miaka kumi kabla yake, Machi 2010, moto uliteketeza jengo kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi. Jengo likishaondoka, picha inageuka kuwa ushahidi, na ushahidi usio na jina, upande wala mwaka haumsaidii fundi wala mwanahistoria. Picha nzuri mno ya nguzo, ambayo hakuna anayejua ilisimama ghorofa gani, ni pambo tu. Mtu anayeweza kuandika mistari miwili sahihi chini ya picha ile ana thamani kubwa, na kwa kawaida hayumo katika kundi la wapenzi wa kamera. Huenda ni mwalimu aliyestaafu, fundi seremala, au bibi aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka pale. Tangazo la jumla halimfikii, na hata likimfikia halimwambii kwamba yeye ndiye anayetafutwa.

Tangazo la jumla tunalifahamu sote. “Habari za leo wanagrupu. Tunaandaa shindano la picha na tunahitaji watu wa kujitolea. Atakayekuwa tayari anijulishe. Asanteni.” Linatumwa kwenye kundi lenye watu mia tatu au zaidi. Zinakuja alama za dole gumba, mtu mmoja anaandika “hongereni”, mwingine anatuma tangazo lake la viwanja, na mambo yanaishia hapo. Katibu anakasirika na kusema watu wa siku hizi hawana moyo wa kujitolea. Mimi sikubaliani naye. Moyo wanao, ila hakuna aliyeitwa.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambalo washiriki walizungumza na wenzao kwa vipaza sauti, kila mmoja akiwa chumbani peke yake. Katikati ya mazungumzo, sauti moja ilianza kuomba msaada kama ya mtu aliyepatwa na kifafa. Walioamini kwamba ni wao peke yao wanaoisikia walitoka kutafuta msaada wakati sauti ile ingali inasikika kwa asilimia 85. Walioamini kwamba kuna watu wengine wanne wanaosikia walifanya hivyo kwa asilimia 31. Hawakuwa watu wabaya. Wengi wa waliobaki chumbani walionekana kutetemeka na kuhangaika. Kila mmoja alidhani mwenzake ameshakwenda. Kama watu wanne wanatosha kumfanya mtu abaki kitini huku mwenzake akiugua, basi kundi la WhatsApp, ambalo siku hizi linaweza kubeba watu 1,024, haliwezi kumnyanyua mtu kwa sababu ya picha za magofu.

Wanasayansi wa siasa nao wana la kutufunza hapa. Mwaka 1998, katika mji wa New Haven nchini Marekani, Alan Gerber na Donald Green waliwagawa kwa bahati nasibu maelfu ya wapiga kura. Wengine walitembelewa nyumbani na mtu aliyebisha hodi na kuwahimiza wapige kura, wengine walipelekewa barua, na wengine walipigiwa simu na kampuni ya kupiga simu. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2000, kutembelewa kuliongeza kujitokeza kwa karibu pointi 9 za asilimia. Barua iliongeza kama nusu pointi. Simu za kampuni hazikuongeza kitu. Maneno ya mlangoni, ya barua na ya simu yalikuwa ya aina moja. Kilichotofautiana ni kama mpokeaji alijiona ametafutwa yeye, na mtu aliyejisumbua kufika.

Sisi wenyewe tunalijua hili bila kufundishwa na chuo chochote, maana tunalifanya kila tunapoandaa harusi. Kamati ya harusi haibandiki tangazo sokoni kwamba kuna ndoa na michango inapokelewa. Inakaa na daftari. Upande wa mama unapewa shangazi, wafanyakazi wenzake bwana harusi wanapewa rafiki yake wa ofisini, jirani wa zamani anapewa mtu anayejua kwamba siku ya msiba wake familia hii ilikwenda. Kila kadi inaandikwa jina, na anayeipeleka anajulikana kwa anayeipokea. Hata ufuatiliaji una adabu yake: mwenye uwezo anakumbushwa na mkubwa mwenzake, hatumwi mtoto. Kamati inayoshindwa kukusanya michango huwa imeshindwa kwenye daftari muda mrefu kabla ya kushindwa kwenye kadi.

Kwa hiyo anayeuliza “niandike ujumbe gani?” ameanzia mwishoni. Swali la kwanza ni nani yumo katika daftari na kwa nini yumo. Ujumbe lengwa ni matunda ya kuwajua watu. Usipowajua, kumwandikia mtu jina lake mwanzoni mwa meseji hakutasaidia, kwani hata mabenki na kampuni za kubahatisha zinatuandikia majina yetu kila siku, na tunazifuta.

Tuchukue mfano wa mahali ninapopafahamu kwa sifa zake. Tuseme watu wa Bagamoyo wanataka kuandaa shindano la picha za majengo yao ya kale. Mji ule una Boma la Wajerumani la mwaka 1897, una misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, una nyumba ya misafara ambapo wapagazi kutoka bara walipumzika, na kilomita chache kusini kuna magofu ya Kaole yenye misikiti na makaburi ya karne nyingi. Una pia Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, ambayo wakongwe bado wanaiita Chuo cha Sanaa. Kamati ya hapo isianze kwa kuandika. Ichukue karatasi na kuorodhesha kazi, kisha kando ya kila kazi iandike aina ya mtu anayeiweza, kisha majina. Kuongoza matembezi ya picha: waongoza watalii wenye vitambulisho, ambao tayari wanajua saa gani jua linapiga ukuta upi. Kuchuja picha: wanafunzi wenye kompyuta na subira. Kutambua makaburi ya Kaole: walinzi wa zamani wa magofu na walimu wa historia. Kuwaombea wapiga picha ruhusa ya kuingia kwenye nyua: wajumbe wa mashina, hasa akina mama, maana mlango unaofunguliwa kwa mama mjumbe haufunguliwi kwa kijana mwenye kamera shingoni.

Karatasi hiyo ikikamilika, ujumbe karibu unajiandika wenyewe. Kwa mwalimu mstaafu unaweza kuwa hivi:

“Shikamoo Mwalimu. Ni katibu wa kamati ya picha. Tuna picha za Kaole tulizoshindwa kuzitambua. Ulitembeza wageni pale. Utaweza kutusaidia Jumamosi saa 4-6?”

Ni ujumbe mfupi, lakini umebeba mambo mengi. Salamu ni ya rika lake. Mwandishi amejitambulisha. Shida imetajwa wazi, tena ni shida ambayo yeye anaweza kuitatua na aliyeandika hawezi. Sababu ya kumchagua yeye imo, na ni ya kweli, hivyo mwalimu hawezi kujiuliza “kwa nini mimi?” Kazi ina mwanzo na mwisho: saa mbili, siku moja. Na swali linajibika kwa neno moja. Huyu mwalimu akisema hapana, hasemi hapana kwa urithi wa Bagamoyo. Anasema Jumamosi hawezi, na unaweza kumuuliza kuhusu Jumapili. Anayeombwa “kujitolea” bila kipimo anaogopa kwamba anatia saini mkataba usio na ukomo, na uoga huo ndio hasa unaokuwa kimya chake.

Kwa mwanafunzi ujumbe uwe mwingine kabisa. Shikamoo haipo, kazi inafanyika kwa simu, na sababu ni nyingine: amepiga picha nzuri ya ngome mwezi uliopita na watu wameiona, au anasomea upigaji picha na atapata nafasi ya kukaa meza moja na majaji. Hapa kuna kishawishi cha kuahidi vyeti, fulana na nafasi za kazi. Ahidi kile tu ambacho kamati tayari inacho mkononi. Mji mdogo haumsahau katibu aliyeahidi fulana.

Kuna jambo la kiufundi linalowagharimu wengi bila wao kujua, hasa wanaotuma meseji za kawaida kwa wazee wenye simu za kitochi. Meseji moja inabeba herufi 160, nafasi na nukta zikihesabiwa. Ujumbe wa mwalimu hapo juu una 154, hivyo unakwenda kama meseji moja. Kiwango hicho kinategemea herufi zilizomo katika jedwali la kawaida la simu. Ikiingia herufi moja tu isiyokuwamo, kwa mfano kikaragosi cha uso unaocheka, meseji nzima inahesabiwa kwa mfumo mwingine unaobeba herufi 70 tu, na ikigawanywa vipande kila kipande kinabeba 67. Ujumbe wetu ungekuwa vipande vitatu, na kwa anayetuma kwa jumla, gharama mara tatu. Sasa Kiswahili kina mtego wake hapo: ile alama ya juu katika ng'. Ukiandika kwenye kompyuta, programu nyingi za uandishi huigeuza kuwa alama iliyopinda, na iliyopinda haimo katika jedwali. Kamati ya Unguja ikiandaa shindano la picha za mtaa wa Ng'ambo na kunakili ujumbe kutoka kompyuta, jina lenyewe la mtaa litawatoza fedha. Andika moja kwa moja kwenye simu, au hakikisha alama imenyooka.

WhatsApp nayo ina tabia zake. Orodha ya kutangazia, ile inayomfikia kila mtu kivyake bila kuonana na wengine, inapokea watu 256, na ujumbe unawafikia wale tu walioihifadhi namba yako. Wengine hawaoni kitu, nawe hutajua. Mimi huliona hilo kuwa jambo jema. Linamlazimisha katibu kupiga simu au kukutana na mtu kwanza, ili namba yake ihifadhiwe. Na tangu Januari 2019 ujumbe hauwezi kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo. Anayetegemea ujumbe wake “uenee wenyewe” anategemea mlango uliofungwa.

Mashindano makubwa ya mtandaoni yamejenga zana za kulenga zilizo bora zaidi, na inafaa kuzielewa zinavyofanya kazi. Wiki Loves Monuments lilifunguliwa kwa dunia nzima mwaka 2012, Kenya, Ghana na Afrika Kusini zikiwemo. Miaka miwili baadaye Florence Devouard na Isla Haddow-Flood walianzisha Wiki Loves Africa. Yote mawili huhifadhi picha katika Wikimedia Commons, hazina iliyofunguliwa mwaka 2004 ambamo picha huwekwa kwa leseni huria. Juu ya kurasa za Wikipedia waratibu wanaweza kuweka bango linaloonekana na watu walio katika nchi fulani pekee, mfumo ukisoma anwani ya intaneti ya msomaji kubaini yuko nchi gani. Bango hilo ni zuri la kuita washiriki. La kuita watu wa kujitolea ni dhaifu, kwa sababu ileile ya Darley na Latané: anayeliona anajua kwamba nchi nzima inaliona.

Kwa wafanyakazi wa hiari kuna njia nyingine. Mratibu anatengeneza orodha ya watumiaji, kisha aliyeruhusiwa anatuma ujumbe mmoja unaotua kwenye ukurasa wa majadiliano wa kila mmoja wao. Orodha inatoka wapi? Inatoka katika mambo ambayo watu wenyewe wameyaweka hadharani. Wapo wanaotangaza kwenye kurasa zao lugha wanazozijua na kwa kiwango gani, kwa hiyo ukitaka mtu wa kutafsiri kanuni za shindano kwa Kiswahili unaweza kumpata. Wapo waliowahi kupakia picha za Lamu, Kilwa au Gedi, na kila picha ina jina la mpakiaji. Wapo walioandika makala za majengo hayo bila kupiga hata picha moja. Hao ndio watu wa maelezo. Majaji wanaweza kutoka miongoni mwa washindi wa miaka iliyopita. Na kuna kundi la watumiaji waliosema hawataki kupokea ujumbe wa namna hii. Jina likiwa katika kundi hilo, mfumo unamruka. Natamani makundi yetu ya mtaani yangekuwa na utaratibu huo wa heshima.

Dhamira ya mwaka nayo hubadilisha daftari. Wiki Loves Africa mwaka 2014 lilihusu chakula, mwaka 2015 mavazi, mwaka 2016 muziki na ngoma, mwaka 2017 watu wakiwa kazini. Kamati iliyozoea kuwaandikia walewale ingekosea mara nne. Picha ya sufuria ya supu inahitaji mpishi wa kusema ni supu ya nini na ya wapi. Picha ya ngoma inamhitaji mchezaji anayejua kwamba ngoma ile haipigwi harusini bali jandoni. Picha ya fundi wa jahazi inamhitaji fundi mwenzake wa kutaja kila kifaa kwa jina lake, la sivyo maelezo yatabaki “mwanamume akitengeneza mashua”, na vifaa vyote vile vitakuwa vimepita bila kuandikwa.

Hapa ndipo penye hatari. Kulenga ni kumjua mtu, na kumjua mtu kunaweza kugeuka kumchungulia. Picha za simu mara nyingi hubeba ndani yake siku, saa na mahali zilipopigwa. Mratibu anayetafuta mpiga picha wa Pangani anaweza, bila kukusudia ubaya, kugundua nyumbani kwa msichana aliyepakia picha tano kutoka dirisha lake. Akimwandikia “nimeona unaishi karibu na gati”, amemtisha, na haki ya kutishika anayo. Sheria imeanza kulisemea jambo hili. Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msingi mmoja unaobeba sheria hizi ni kwamba taarifa iliyotolewa kwa shughuli moja isihamishiwe shughuli nyingine bila ridhaa ya mwenyewe. Daftari la wazazi wa shule, orodha ya wanachama wa SACCOS, namba zilizochanga rambirambi: zote zina majina mazuri sana, na zote si za shindano la picha. Katibu akiwa pia mweka hazina wa msikiti au kanisa, kofia ile aiache nyumbani.

Ridhaa inawahusu pia waliomo ndani ya picha, na watu wa kujitolea wanapaswa kuelezwa hilo tangu ujumbe wa kwanza. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 za nchi hiyo kwa kusambaza picha za wanafunzi wadogo bila ridhaa ya wazazi. Katika shindano la jamii, anayechuja picha ndiye ngome ya mwisho kabla uso wa mtoto haujawekwa mahali ambapo dunia nzima inaweza kuuchukua. Anayeombwa kuchuja aambiwe kwamba kazi yake ni hiyo pia. Uzito huo, nadhani, humvuta mtu makini badala ya kumfukuza.

Kuna hatari ya pili, ya polepole zaidi. Daftari linawajua wanaojulikana. Ukitafuta waliowahi kupakia picha, utapata wenye simu nzuri na bando, wengi wao vijana wa kiume wa mjini. Ukiwaita hao, watawaleta marafiki zao, na mwaka ujao daftari litakuwa nene zaidi kwa watu wa aina ileile. Waasisi wa Wiki Loves Africa waliliona pengo la wanawake mapema kiasi kwamba mwaka 2016 walianzisha mradi mwingine, Wiki Loves Women, kuanzia Cameroon, Côte d'Ivoire, Ghana na Nigeria. Kwa kamati ya mtaa dawa yake si bango kubwa zaidi. Ni kuacha nafasi tupu katika karatasi ya kazi na kuandika aina ya mtu ambaye bado hamna jina lake, kisha kumtuma mtu kwenda kumtafuta kwa miguu: kwenye kikundi cha akina mama wanaosuka ukili, sokoni baada ya saa za biashara, ufukweni siku ambayo wavuvi hawakwenda majini. Ujumbe lengwa unaweza kuwa mazungumzo ya dakika tano chini ya mwembe, na huo ndio wenye nguvu kuliko wote.

Namna ya kujua kama njia imefaa ni rahisi, ingawa wachache huifanya. Daftari ligawanywe nusu kwa nusu bila upendeleo, kwa kura za vikaratasi. Nusu moja ipate ujumbe unaotaja kazi tu, nusu ya pili ipate unaotaja kazi na sababu ya kumchagua mpokeaji. Hesabu waliofika siku yenyewe. Usihesabu waliojibu ndiyo, kwani ndiyo ya simu ni nyepesi. Na usitangaze ushindi mapema. Kwenye watu arobaini, tofauti ya wawili au watatu inaweza kuletwa na mvua. Rudia mwaka unaofuata, weka hesabu zote pamoja, ndipo uanze kuamini.

Aliyekubali apewe kazi ya kwanza haraka, ndogo, ndani ya siku mbili tatu, kabla joto la kukubali halijapoa. Atambuliwe kwa alichofanya: “maelezo yako ya kaburi la nguzo ndiyo tuliyoyatumia” yana uzito kuliko “asanteni wote kwa ushirikiano”. Aliyekataa ajibiwe kwa shukrani, asisukumwe, na aulizwe kama angependa kuulizwa tena.

Shindano likiisha, daftari lisifungiwe tu kabatini. Kila mmoja aulizwe kama jina lake libaki, asiyejibu aondolewe. Kisha picha zichapishwe, hata kwenye karatasi za kawaida, zitundikwe mahali watu wanapopita, kando yake pawekwe daftari jipya na kalamu kwa yeyote anayelitambua jengo, mtu au mwaka. Atakayeandika mstari na akakubali kuacha namba yake ni wa kupigiwa simu wiki hiyohiyo, kabla majaji wapya hawajatafutwa.